Sanamu za Wadogon hazikuchongwa zitazamwe (uzi mrefu, vuta kigoda)

Tezo Butu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Mimi ni mchonga vinyago, mwaka wa 19 huu niko kibanda kile kile. Mwaka jana alinijia mteja na picha kwenye simu: mume na mke wamekaa kigoda kimoja. Akasema, "Nichongee hii, ila ionekane ya zamani." Nikamtajia bei nikitegemea abishe. Hakubisha. Nikajua hapa kuna jambo.

Ile picha ni ya sanamu iliyoko Metropolitan Museum, New York. Ni kazi ya Wadogon wa Mali, ya karne ya 18 au mwanzoni mwa karne ya 19. Kimo chake ni sentimita 73. Ilifika pale mwaka 1977 kwa zawadi ya Lester Wunderman, mtu wa matangazo ya biashara. Kabla sijashika tezo nilikaa na picha hiyo siku tatu, maana kwenye kazi yetu ukianza kukata kabla hujaona, umepoteza gogo.

Sasa tazameni nami. Mume na mke karibu wanalingana kimo. Mkono wa kulia wa mume umepita mabegani mwa mkewe, kiganja kimetua kwenye titi. Mkono wa kushoto uko kwenye utupu wake mwenyewe. Mume ana ndevu, mke ana pambo la mdomoni, kama ndonya ya bibi zetu wa Kimakonde, na mchongaji kavifanya vitu hivyo viwili vijibizane. Hadi hapo kila mtu anaona. Izungushe. Mgongoni kwa mume kuna podo la mishale. Mgongoni kwa mke kuna mtoto. Na chini ya kigoda wapo watu wadogo wanne, ndio wamekibeba.

Nyuma kumechongwa kwa moyo ule ule wa mbele. Hilo ndilo lililonikamata. Sisi kinyago cha kuuza, mgongo tunaupitishia msasa basi, kwa kuwa mteja ataweka ukutani. Huyu mzee hakuwa na mteja wa ukutani.

Ndipo nikaanza kusoma. Wadogon wanakaa Mali ya kati, kwenye jabali la Bandiagara, ukuta wa mawe wa kilomita kama 150. Vijiji vingine viko juu, vingine vimejibana miguuni pake. Sanamu wao huita dege. Chache, kama labda hii ya mume na mke, zilitolewa hadharani siku ya msiba wa mtu mzito na kupangwa juu ya paa la nyumba yake. Lakini nyingi hazikuwa zinaonekana. Zilikaa gizani, kwenye nyumba kubwa ya ukoo wanayoita ginna, kwa kuhani wa binu (roho za mababu wa kale), au pangoni. Na kazi yake ilikuwa kupokea. Inamwagiwa uji wa uwele, inamwagiwa damu ya kuku au ya mbuzi, mwaka huu, mwakani, mwaka wa njaa, mwaka wa ndoa isiyo na mtoto. Inakauka juu yake. Baadaye inakuwa gamba nene, jeusi, lenye nyufa, mpaka pua na macho vinapotea ndani yake.

Mimi naliita ukoko, kama wa chini ya sufuria. Mwaka 2007 wataalamu wa Ufaransa walitoa matokeo ya kuchunguza ukoko wa namna hiyo kwa mitambo, na kweli wakakuta damu.

Kwa hiyo mnapoona sanamu ya Kidogon kwenye kioo cha makumbusho, imesafishwa, imemulikwa taa kutoka juu, mjue mnaona kitu ambacho mwenyewe hakukusudia mkione. Karibuni.

Bi Shemeji

Mkuu Tezo, nimesoma mpaka mwisho na mchele umeungua. Ukoko upo.

Mtumishi wa Kilimani

Ndugu, umeandika vizuri, ila tuite jina lake. Kumwagia mti damu na uji ni kuabudu sanamu. Hakuna fumbo hapo.

Tezo Butu

Mtumishi, sikukatalii imani yako, ila ukimwuliza Mdogon wa dini ya jadi atakwambia Mungu muumba ni mmoja, anaitwa Amma, na hana sanamu. Dege iko madhabahuni, haiko mahali pa Amma.

Sasa dege ni nani? Hapo wasomi wenyewe wanagombana, na ugomvi wao ni mtamu kuliko majibu.

Kundi la kwanza ni la Marcel Griaule, Mfaransa. Alifika kwa Wadogon mwaka 1931 na msafara uliokatiza Afrika kutoka Dakar hadi Djibouti, akarudi mara nyingi. Mwaka 1946 alikaa siku 33 akizungumza na mzee mmoja wa huko, Ogotemmêli, mwindaji aliyepofuka baada ya bunduki kumlipukia usoni. Mzee alimpa simulizi zima la kuumbwa kwa dunia: Amma, kisha Nommo, viumbe pacha wa maji, kisha mababu wanane. Tangu hapo makumbusho duniani yakasoma kila sanamu kwa kamusi hiyo. Mwenye mikono juu ni Nommo anaomba mvua. Wawili waliokaa ni mume na mke wa kwanza. Wanne chini ya kigoda, mababu.

Kundi la pili ni la Mholanzi Walter van Beek, aliyeanza kukaa huko mwaka 1979. Yeye aliuliza watu wa kawaida, wenye sanamu zao nyumbani. Wakamjibu kitu kidogo zaidi na kikubwa zaidi: sanamu ni mimi. Ni mwenye shida. Nikienda shambani, nikilala, nikisafiri, yeye anabaki pale madhabahuni anaomba kwa niaba yangu. Mikono iliyo juu ni yangu.

Mimi nipo na Mholanzi. Si kwa usomi, kwa mikono. Mtu anayejichongea mwombaji atampa podo lake na mtoto wake mgongoni, ili anayeombwa asikosee nyumba.

Mtumishi wa Kilimani

Mtu anayebaki anaomba wakati wewe umelala. Hapo umenipa cha kufikiri, ingawa sijahama.

Nyota Njema

Mbona hujagusa jambo kubwa? Wadogon walijua nyota ya Sirius ina mwenzake asiyeonekana kwa macho, kabla ya wazungu! Nani aliwaambia? Kuna watu walishuka kutoka juu. Nommo ni viumbe wa maji kutoka anga. Fungueni akili.

Kipara Kimoja

Nilikuwa nahesabu ni komenti ya ngapi itamtaja mtu wa anga. Ya sita. Mmejitahidi.

Mwalimu wa Zamu

Nyota Njema, taratibu. Huyo mwenzake wa Sirius alikisiwa kwa hesabu mwaka 1844 na akaonwa kwa darubini mwaka 1862, Marekani. Maandishi ya Griaule na mwenzake Germaine Dieterlen kuhusu jambo hilo yalitoka mwaka 1950. Kati ya 1862 na hapo Wafaransa walishatawala Mali, walishafungua shule, na Wadogon walishapelekwa vitani Ulaya. Habari ina miguu.

Zaidi ya hapo, van Beek aliyetajwa juu alizunguka akiuliza habari ya nyota hiyo ya pili. Nje ya wazee waliozungumza na Griaule hakumpata anayeijua, na hao wenyewe hawakukubaliana ni nyota ipi. Makala yake ya mwaka 1991 ilizua kelele nyingi.

Kinachoniudhi si watu wa anga. Kinachoniudhi ni kwamba mtu mweusi akichonga kitu kizuri lazima atafutwe fundi kutoka nje ya dunia.

Nyota Njema

Sawa mwalimu. Ila nitaendelea kuangalia juu.

Mchuuzi wa Feri

Tezo, swali la kifundi. Nani alichonga? Kila mtu anajichongea mwombaji wake au kulikuwa na fundi?

Tezo Butu

Mkuu umeniuliza nilichokuwa nakitafuta sababu ya kukisema.

Dege huchongwa na mhunzi. Yule yule anayefua majembe ndiye anayechonga mti. Na wahunzi wa Kidogon ni jamii yao peke yao, hawaoani na wakulima. Mkulima anamhitaji kwa jembe, anamhitaji kwa sanamu, anamwita asuluhishe ugomvi, lakini binti hampi. Nimekaa na jambo hilo muda mrefu. Mtu anayetengeneza mwili utakaokuombea ni mtu usiyeweza kula naye harusi.

Ogotemmêli alimsimulia Griaule kwamba mhunzi wa kwanza aliiba kipande cha jua mbinguni akateremka nacho kwenye ghala, juu ya upinde wa mvua. Wakati huo mikono na miguu yake ilikuwa laini kama ya Nommo, haina viungo. Ghala lilipopiga ardhi kwa kishindo, mikono ikavunjika viwikoni na miguu magotini. Ndipo binadamu akapata viungo vya kufanyia kazi, maana mkono laini haushiki nyundo.

Wakuu, sijui kama mzee alilitunga siku hiyo au alilipokea kwa babu yake. Ila tazama sanamu za Kidogon, viwiko na magoti vimekatwa kwa pembe kali, huwezi kuvikosa. Tangu nisome hilo, kila nikifika kiwiko tezo linasita kidogo.

Vinyago vya kuvaa usoni ni habari nyingine. Hivyo wanachonga vijana wenyewe wa chama cha vinyago, Awa, kila mmoja anachonga atakachocheza nacho.

Bi Shemeji

Chama hicho wanawake wamo?

Tezo Butu

Dada, hawamo, isipokuwa mmoja mmoja wanaoitwa yasigine, dada wa vinyago. Na wenyewe wana simulizi kwamba nyuzi nyekundu za kuchezea vinyago aliyezipata wa kwanza alikuwa mwanamke, wanaume wakamnyang'anya. Kuna kinyago kiitwacho satimbe, juu yake amesimama mwanamke mzima mzima. Anayekivaa ni mwanamume.

Bi Shemeji

Nimeelewa. Endelea kabla sijasema.

Kibuyu cha Asali

Mkuu, kuna kitu hakinikai. Nimeona sanamu inayoitwa ya Kidogon imeandikwa karne ya 11. Halafu nikasoma kwamba Wadogon walifika pale karne ya 15 hivi. Sasa aliyechonga ni nani?

Mwalimu wa Zamu

Hili niachieni nalo, ndilo ninalolipenda.

Kabla ya Wadogon, jabali lile lilikuwa na watu wanaoitwa Watellem. Jina lenyewe ni la Kidogon, maana yake "tuliowakuta". Walitumia mapango ya juu kabisa, mengine yako mahali ambapo ukitazama kutoka chini unajiuliza walipitia wapi, kama maghala na kama makaburi. Kuanzia miaka ya 1960 timu ya Waholanzi ilipanda kule na kukuta mifupa, vitambaa, vigoda, vyungu, kuanzia karne ya 11 hadi ya 16. Mtaalamu wao mmoja, Rogier Bedaux, aliandika kwamba vipimo vya mifupa vinaonyesha Watellem hawakuwa Wadogon wa kale, walikuwa watu wengine.

Wadogon wenyewe wanasema walitoka Mande, upande wa magharibi. Walipofika waliwakuta wenzao, na mwishowe wenyeji hawakuonekana tena. Mapango yakabaki. Wadogon wakaanza kuzika wafu wao humo humo, maiti inavutwa juu kwa kamba za maganda ya mbuyu. Na sanamu walizozikuta humo hawakuzitupa.

Ndiyo maana kibao cha makumbusho kinaweza kusema Tellem, kinaweza kusema Dogon, na kitu ni kile kile: mtu mwembamba, mikono juu, ukoko mwili mzima. Mti unaweza kuwa wa mchongaji wa Kitellem na tabaka za juu za uji zikawa za mikono ya Kidogon, karne kadhaa baadaye. Muulize basi ni ya nani.

Kibuyu cha Asali

Kwa hiyo wamerithi na wafu wa mwenye nyumba. Aisee.

Chembe ya Kaloleni

Habarini. Huku kwetu Pwani ya Kenya nimesoma uzi huu nikiwaza vigango. Mzee wa chama cha Gohu akifariki, baadaye anachongewa kigango, ubao mrefu wenye kichwa cha mviringo na alama za pembetatu, kinasimikwa na kupewa sadaka yake. Chetu hakifichwi gizani. Kinakaa nje, jua na mchwa vinafanya kazi yao, na hakuna anayekipaka dawa.

Ila wezi hawakujali kipi kinakaa nje na kipi ndani. Vigango viling'olewa usiku vikauzwa, vikatokea Marekani. Mwaka 2014 makumbusho moja ya Denver ilikubali kurudisha 30. Uliza Wadogon walirudishiwa nini.

Tezo Butu

Chembe, pole, na umegonga penyewe.

Kwenye ule msafara wa Griaule alikuwepo katibu wao, Michel Leiris. Aliweka shajara na kuichapa mwaka 1934, na Griaule hakuifurahia. Humo anaeleza bila kuficha jinsi walivyokuwa wakichukua vitu vya tambiko, vingine kwa vitisho, vingine kwa kuviiba. Kuna mahali wako kwa Wadogon. Wanataka kununua sanamu za kuombea mvua, na moja ya mikono juu. Wenyeji wanakataa kwa hofu kubwa. Kijana mmoja anawaambia kwamba kuzichukua ni kuuchukua uhai wa nchi yenyewe.

Kijana yule hakusema "ni urithi wetu" wala "ni sanaa yetu". Alisema uhai. Ukikumbuka uji na damu na mvua, alikuwa anatoa maelezo ya kifundi kabisa. Msafara ule uliondoka Afrika na vitu zaidi ya 3,000.

Kisha wakaja wafanyabiashara, na miti ya jabalini ikaanza kuteremka yenyewe. Milango ya maghala yenye safu za watu wadogo na komeo la mti, imekwenda. Nguzo za toguna nazo. Toguna ni baraza la wanaume, paa lake ni rundo nene la mabua ya uwele na liko chini sana, huwezi kusimama humo ukafoka, utagonga kichwa. Nguzo zake zilichongwa wanawake wenye matiti. Mali ilitunga sheria ya kulinda vitu hivi mwaka 1985, na Marekani ilifunga mlango kwa vitu vya mapango ya Watellem mwaka 1993. Wakati huo vingi vilishapanda ndege.

Mchuuzi wa Feri

Na sisi Tanzania tulirudishiwa kinyago cha Kimakonde kutoka Uswisi, mwaka 2010. Kiliibwa makumbusho ya Dar mwaka 1984.

Jangwa Kavu

Nimefanya kazi Sévaré, karibu na Mopti, miaka miwili, kwenye magari. Kutoka pale kwenda Bandiagara ni safari fupi, na sikuwahi kufika. Kila wiki tulikuwa tunaambiwa barabara haipitiki. Vita vya tangu 2012 viliteremka mpaka huko, Wadogon na Wafulani waliokuwa wakibadilishana maziwa na uwele wakaanza kuchomeana vijiji. Machi 2019 kule Ogossagou waliuawa Wafulani zaidi ya 150 kwa asubuhi moja. Juni mwaka huo huo ikawa zamu ya kijiji cha Wadogon, Sobane Da.

Pale Sévaré kulikuwa na mzee wa Kidogon anauza vinyago vidogo vya kanaga, kile chenye msalaba wa mikono miwili, juu na chini. Nilimwuliza maana yake. Akasema wageni wa zamani walipenda kuambiwa ni Mungu kati ya mbingu na nchi, hivyo aliwaambia hivyo. Nikamwuliza na wewe? Akasema kwao ni ndege. Nikanunua kimoja. Sasa hivi kiko juu ya friji.

Kipara Kimoja

Sawa na Tezo, anajua mteja anataka kusikia nini.

Mwalimu wa Zamu

Jambo moja la kalenda kabla uzi haujazama. Wadogon wana sherehe ya Sigui, ya kila miaka 60, ya kukumbuka kifo kilivyoingia duniani. Huzunguka kijiji hadi kijiji kwa miaka saba. Katika Sigui huchongwa kinyago kikuu, mti mmoja mrefu kama nyoka, unaweza kufika mita kadhaa, ambao havai mtu yeyote. Unalazwa pangoni hadi kizazi kingine. Iliyopita ilianza mwaka 1967 kule Yougo na kwisha 1973, Jean Rouch na Dieterlen wakaipiga filamu. Ongezeni 60.

Kibuyu cha Asali

2027. Na barabara ndiyo hiyo ya Jangwa Kavu.

Mchuuzi wa Feri

Tezo hujatumalizia. Ya mteja wako ilikuwaje? Uliipaka nini "ionekane ya zamani"?

Tezo Butu

Nilijua mtauliza.

Niliichonga kwa mninga, wiki tano, mgongo na podo na mtoto na wale wanne wa chini, wote. Ilipofika kwenye ukoko nikajitia ushujaa. Nikanunua kilo ya uwele, mke wangu akapika uji mzito, nikaimwagia, nikaiweka kivulini. Damu sikuweka, nilimwogopa mke wangu na kidogo nilijiogopa mwenyewe. Siku ya pili nikaongeza. Siku ya tatu nikaikuta imejaa sisimizi, mpaka ndani ya podo, na ukungu wa kijani umeota shingoni kwa mume. Harufu ilifika kibanda cha jirani, akaja kuuliza kama kuna panya kafa.

Nikaiosha, nikaianika, nikaipaka kiwi nyeusi ya viatu na vumbi la mkaa, nikasugua kwa gunia. Mteja alikuja, akaishika, akanusa, akasema, "Hapo sasa."

Hakuigeuza nyuma.